Wimbo wa Kumpokea Mkaguzi

Bilonda hakuwa mtu wa kuchekwa na majirani. Nyumba yake katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, pale Kolwezi, ilifagiwa hata chini ya vitanda, na mumewe Kabeya alikwenda zamu na kola iliyopigwa pasi, kana kwamba shaba inachimbwa kwa kola. Kitu kimoja tu kilimchoma: binti yake Mianda, mwenye miaka kumi na mmoja, hakujua kusoma. Alikuwa amerudia darasa la kwanza mpaka walimu wakachoka kumwona. Na kwa watu wa Kasai, ambao baba zao waliletwa huku kwa kazi ya mgodi, mtoto asiyesoma ni msiba usiokaliwa matanga.

Ndipo masista wakafungua darasa dogo nyuma ya kanisa, kwa watoto ambao masomo hayawaingii. Bilonda akampeleka Mianda. Mwalimu wa darasa hilo aliitwa Mbelu. Zamani Ernestine, kabla serikali haijatuvua majina ya ubatizo. Mbelu hakuwa na haraka wala fimbo. Aliwafundisha watoto kuchora herufi kwa kidole juu ya unga wa mahindi uliotandazwa kwenye lungo. Polepole Mianda akaanza kuzitambua. Siku moja sokoni alisimama mbele ya gunia la chumvi, akaionyesha herufi ya kwanza ya jina lake, na Bilonda akalia pale pale, kati ya wauza samaki.

Kisha serikali ikatangaza kwamba shule zote za misheni sasa ni zake. Misalaba ikashushwa ukutani, picha ya rais ikapandishwa. Habari zikaja kwamba mkaguzi mpya atapita darasa kwa darasa, na yeye ndiye atakayeamua lipi serikali italilipia na lipi litafungwa.

Mbelu akawaita akina mama. "Mulete batoto sawa vile beko," aliwaambia. "Inspecteur aone kazi iko nguvu. Aone banahitaji mwalimu wabo."

Sawa vile beko! Kama walivyo, bila kupambwa! Bilonda alicheka moyoni. Nani humfungulia mgeni chumba ambacho hakijafagiwa? Mgeni huchinjiwa kuku, hutandikiwa mkeka mpya, na mtoto mwenye kidonda mguuni huvishwa soksi. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyoifikiria serikali: mgeni mkubwa kuliko wote.

"Mama Mbelu, weye wiko kijana," alisema. "Serikali ikiona batoto banashindwa, itasema: hawa ni ba bure, tufunge. Tuipe kile kintu inapenda."

"Kintu gani, mama?"

"Animation."

Animation ilikuwa nyimbo na ngoma za kusifu chama, zilizochezwa kila asubuhi mbele ya bendera, shuleni na kazini. Na hapo ndipo Mianda alipokuwa malkia. Wimbo aliousikia mara moja hakuusahau tena, na miguu yake ilikuwa na akili kuliko vichwa vingi vya kambi ile. Akina mama wakashona sketi za kijani, rangi ya chama. Bilonda mwenyewe akasimamia mazoezi, sauti ikamkauka. Mbelu akawaachia, maana mwalimu wa serikali angewakatazaje watoto kusifu chama?

Mkaguzi alikuja na suti yake ya abakosti, isiyo na tai, kama chama kilivyoagiza, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alipewa kiti. Watoto wakaingia, Mianda mbele, wakaimba bila kukosa neno, wakachuchumaa na kuinuka kwa pamoja, na mkaguzi akasimama kuwapigia makofi.

"Hawa njo batoto banasema beko na kichwa nzito?" alimuuliza Mbelu. "Basista balibatukana! Mi naona kichwa muzuri kabisa."

"Citoyen inspecteur, ngojea kwanza. Kucheza ni kintu ingine, kusoma ni ingine."

"Citoyenne," alimkata kwa upole, akimwita mwananchi kama chama kilivyotaka, "usizarau batoto ba Zaïre."

Darasa likafungwa juma lile lile. Mbelu akahamishiwa Mutshatsha, mbali na kambi. Mianda akapelekwa darasa la watoto wa rika lake, umati mtupu, chini ya mwalimu asiyejua hata jina lake, akakaa nyuma kabisa. Herufi zikaanza kumtoka moja moja. Akawa haimbi tena jikoni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Bilonda alikuwa ameuficha kwa sketi ya kijani, tena kwa mkono wake mwenyewe. Majuto yalimla.

Mwisho akamshika Mianda mkono, wakaenda ofisini kwa mkaguzi.

"Citoyen inspecteur, mi nilikudanganya," alisema. "Huyu mutoto hajui kusoma. Masomo haiingiake mu kichwa yake. Batoto badogo bote banamupita. Tunaomba mwalimu wake arudie."

Hakuwahi kusema maneno hayo mbele ya Mianda. Alikuwa ameapa hatayasema maisha yake yote. Aliyasema akitazama sakafu, akiusikia mkono mdogo ukilegea ndani ya mkono wake.

Mkaguzi hakukasirika. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo linalouma zaidi. "Kama ni kweli, mama, tutafungula darasa, mi mwenyewe nitasema na bakubwa. Lakini acha nione." Akaelekeza kidole kwenye kibao kilichotundikwa ukutani. "Mianda, soma pale."

Lo! Mezani palikuwa na magazeti, palikuwa na vitabu, naye akachagua kibao cha chama. Kibao kama hicho kilitundikwa kila mahali, hata kwenye duka la nyama, na maneno yake watoto waliyaimba kila siku mpaka bata wa kambini wakakaribia kuyajua. Mianda akauachia mkono wa mama, akasogea, akainua kidole na kukipitisha juu ya maandishi, kama alivyowaona wenzake wakifanya.

"Nchi moja, chama kimoja, sauti moja!"

Kidole kilifika mwisho wa kibao kabla ya sauti. Mkaguzi hakukiona, alikuwa akimtazama mtoto usoni, akitabasamu.

"Unaona, mama? Mutoto haina kosa. Kosa iko kwako, haumuamini."

Bilonda akafungua mdomo. Angeweza kusema kidole kilitangulia. Angeweza kuomba ajaribiwe kwa gazeti, mstari mmoja tu, na darasa lingefunguliwa.

Lakini Mianda alikuwa amegeuka, uso umemng'aa kuliko siku yoyote tangu darasa lifungwe.

"Mama! Unaona? Unasema mi sijui, na mi najua kusoma!"

Mkaguzi alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Bilonda akafunga mdomo, na huku moyo ukimpasuka, akapiga makofi pamoja naye.