Kiingereza cha Majoka

Mkataba wangu uliisha Rajabu. Shawali ikanikuta bado niko Aziziya, Jedda, nanguruma kama joka mbele ya watoto wa watu.

Kazi niliyoitiwa huku ni kufua, kupika na kupiga pasi. Ualimu ulinikuta jikoni. Lujain, binti wa nyumba, alikuja na kitabu kinene cha Kiingereza chenye joka kwenye jalada, akaniomba nimsomee. Nikasoma kwa sauti zote, joka likifoka, mchawi akikohoa, malkia akijidai. Mdogo wake Ziyad naye akaja akakaa chini ya meza. Haukupita muda wakawa wanagombana kwa Kiingereza, na mama yao, Madam Abrar, akafurahi hata akawatoa shule. "Watasoma nyumbani," akatangaza. Hesabu na Kiarabu walifundishwa kwenye kompyuta. Kiingereza nikaachiwa mimi, nikishamaliza vyombo.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: huruji, ruhusa ya kurudi kwetu moja kwa moja, ambayo kafili, yaani mwajiri aliyenileta, huitoa kwa kubonyeza simu yake. Mwanangu Elly yuko kwetu Webuye kwa mama yangu. Nilimwacha akitambaa. Sasa ananiita "auntie wa simu", na kila akiniita hivyo nakatika maini.

"Baba, huruji," nilimwambia kafili, baba yao Lujain.

"Inshallah, Metrine. Watoto wamalize kitabu kwanza."

Kitabu kikaisha. Madam akaleta kingine, kinene zaidi.

Rafiki yangu Selipher, anayefanya kazi mtaa wa Al-Mahjar, alinicheka kwenye simu. "Wewe nawe! Si ufundishe vibaya? Soma kama mtu ako na malaria. Wakiona watoto hawashiki kitu, watakuachilia."

Nikajaribu. Nilisoma vita vya majoka kama mtu anayesoma bili ya stima. Lujain akafunga kitabu.

"Joka linaumwa?" akaniuliza.

"Limechoka."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga, lakini nilimwambia yote: Elly, mkataba, huruji, na pasipoti yangu iliyolala kwenye droo ya baba yake. Mtoto alikunja uso, akafikiri. Kisha akasema atatunga hadithi yake, aisimulie Ijumaa babu akija kutoka Riyadh. Babu akiamua jambo, baba hapingi. Siku hizo nilifanya kazi nikiimba, mimi ambaye huko nyuma nilikuwa nanuna tu.

Ijumaa walikaa wakaizunguka sinia ya kabsa, wali wa nyama. Mbele ya wageni, sheria ya Madam ni watoto waongee Kiingereza. Nilisimama mlangoni na birika la kahawa. Lujain akaanza. Palikuwa na joka lililojua hadithi zote. Familia moja ililipenda mno, ikayafungia mabawa yake kwenye droo. Ng'ambo ya bahari, mtoto wa joka alikuwa anasahau sura ya mama yake.

"Wenye nyumba si wabaya," akasema, sasa akimtazama baba yake usoni. "Wao husema kesho tu. Baba, tafadhali, mpe Metrine mabawa yake."

Baba yake alielewa. Nilimwona. Aliniangalia, akarudisha macho kwenye wali.

"Anasema nini?" babu akauliza. Mzee hajui Kiingereza.

"Hadithi ya joka tu," baba akajibu.

"Mashallah!" Mzee akapiga makofi. "Wajukuu zangu wa Riyadh wamebadilishiwa walimu na hata salamu hawaijui. Nipeni mimi huyu mwalimu wao."

"Ni wako," akasema baba, upesi upesi.

Lujain akahamia Kiarabu. "Babu, si hadithi! Metrine anataka kwao!" Machozi yakamtoka.

"Tazameni, hata kulia anajua!" Mzee alicheka, akamvuta kifuani. Wote wakacheka naye.

Jioni Madam alinikuta jikoni akiwa na begi langu mkononi. Mungu anisamehe, kwa dakika moja niliamini. Nilishaliona hata lango la kwetu.

"Yalla, Metrine, pakia nguo," akasema. "Na vitabu vya majoka uchukue vyote. Riyadh watoto ni wengi."