Safari ya Kumpima Mzee Bili

Mama Pacha aliwaaga majirani akasema wanakwenda kuutembelea mji wa kale, siku mbili tu, mguu na njia kama vijana. Uongo mtupu. Alikuwa anakwenda kumpima mumewe akili.

Mumewe waliyemwita Mzee Bili alipewa jina hilo mtaani kwa sababu maisha yake yote ya kazi aligawa bili za maji nyumba kwa nyumba, kwa miguu, mpaka mbwa wakamzoea na wadaiwa wakajifunza kujificha. Hakuna uchochoro wa kwao asioujua. Sasa mtu huyohuyo, tangu mvua zilizopita, alikuwa anatia chumvi kwenye chai. Alipishana na shemeji yake sokoni bila hata salamu. Siku moja aliingia nyumba ya jirani na mkate wake mkononi, akaketi. Jirani alicheka. Mama Pacha naye alicheka, halafu akaenda kujifungia chooni akalia.

Watoto wao pacha, wa kike na wa kiume, hawakulia. Wao waliitisha kikao. Wakaamua kwamba kama akili za baba zimeanza kumtoka, nyumba ipangishwe, wazee wahamie kwa yule wa kike, na baba asitoke tena peke yake. Mama Pacha akaomba wapewe wikiendi moja kabla ya lolote. Kwao mzee alitembea kwa mazoea, na hata punda huijua njia ya nyumbani. Mji mgeni ndio ungesema kweli. Ila kilichomkosesha usingizi hakikuwa kuhama. Aliogopa kwamba asubuhi moja mumewe angeamka, amtazame, amuulize yeye ni nani.

Safari yenyewe ilikuwa ya watu wenye akiba nyembamba: basi la alfajiri, gesti ya choo cha pamoja, chupa ya chai, mkate na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani. Mlangoni pa gesti walipokewa na mwenye nyumba, mama mnene mwenye mtandio mwekundu, aliyewapa ufunguo na kuwaonya wasimlipe mtu yeyote awatembeze, kwani kuangalia mawe hakulipiwi. Mama Pacha akampenda papo hapo.

Basi wakajitembeza wenyewe. Wakiona kundi la wageni wenye pesa limemzunguka kiongozi wao, wanasimama nyuma yake na kujifanya wanafunga kamba za viatu. Kwa ujanja huo walizipata habari za ngome, za lango lililovunjwa na kujengwa tena, na za mnara ambao saa yake haijawahi kusema kweli. Mzee Bili alifunga viatu mara nyingi hata kiongozi mmoja akamuuliza kama atafutiwe kamba mpya.

Taabu ilianza kwenye mtaa mrefu wa wafua fedha. Waliufuata mpaka mwisho, na walipofika mwisho Mzee Bili akageuka, akaanza kurudi walikotoka, mikono nyuma, hana wasiwasi wowote.

"Baba Pacha, huku si ndiko tulikotoka?"

"Ndiko."

"Sasa tunarudia nini?"

Akamgeukia kama mwalimu anayemgeukia mwanafunzi mzito. "Upande wa kushoto tumeumaliza. Wa kulia nani atauangalia?"

Mama Pacha akakumbuka. Ndivyo alivyogawa bili miaka yote: unapanda na upande mmoja, unashuka na mwingine, na anayevukavuka barabara huyo ni kibarua wa jana. Akacheka, nusu ya mzigo ikamshuka. Nusu nyingine ilibaki, kwa sababu chumvi ni chumvi, na tena aliona jinsi mzee anavyosogeza uso karibu na kila ukuta na kuupapasa kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Hakuyapenda mapapaso yale.

Jua lilipoanza kupoa, akatega mtego wake. Akasema kichwa kimemzunguka, hajui tena gesti iko wapi, baba watoto aongoze. Mzee Bili hakusita. Akafuata harufu ya mikate mpaka kwenye tanuri, akakata kona pale mafundi walipogonga shaba, akapanda ngazi zilizolika katikati. Uchochoro mmoja aliukataa kabisa, akieleza kwamba huo unateremka, na wao asubuhi waliteremka, kwa hiyo sasa lazima wapande. Mama Pacha alifuata nyuma huku moyo ukifunguka kidogokidogo. Wakakata kona ya mwisho, na gesti ile pale, na mlango wake wa kijani.

Mzee Bili akaupita. Akaenda mlango wa pili, kwa fundi cherehani, ambako nje palisimama sanamu la kupimia nguo, limefunikwa kitambaa chekundu. Akasimama wima mbele yake, akaliamkia vizuri, akasema wamerudi salama na mji ni mzuri, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.

Mzee akangoja kidogo, mkono bado umenyooshwa, kisha akarudia kwa upole zaidi kwamba samahani mama, ufunguo. Ndani, cherehani ikanyamaza.

Mama Pacha akajikaza, akamshika kiwiko. "Baba Pacha, unaongea na nani?"

Mzee alisogeza mkono taratibu, akagusa kitambaa, akagusa mti uliokuwa chini ya kitambaa, akaurudisha mkono haraka. Mama Pacha alikuwa akimtazama usoni. Hakuona uso wa mtu aliyepotea. Aliona aibu, aibu ileile ya siku alipomfumania anakula nyama ya wageni.

"Mwenye gesti si ana mtandio mwekundu?"

"Anao."

"Basi mimi nimeona wekundu. Rangi naziona. Watu siwaoni tena, Mama Pacha."

Yakamwagika yote. Alikwenda zahanati kwa siri, akaambiwa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, aende hospitali kubwa. Hakwenda, kwani marehemu baba yake alipofuka hivyohivyo na akafa gizani, na habari za kupasuliwa jicho hakutaka hata kuzisikia. Kopo la chumvi na la sukari yanafanana. Shemeji sokoni hakufungua mdomo, angemjuaje? Na kwa jirani alipokwishaketi, kuinuka ilikuwa aibu zaidi. Mkewe alipoitaja safari hii alikubali upesi, apate kuuona mji wa kale kabla pazia halijashuka lote.

Mama Pacha akaketi kwenye ngazi ya fundi, akacheka. Alicheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza yakaendelea yenyewe.

"Mtu anakwambia anapofuka, wewe unacheka."

"Nilidhani akili zinakutoka," akasema. "Nilidhani utanisahau."

Mzee Bili akalifikiria jambo hilo. "Nikusahau wewe? Na kelele hizo?"

Ndipo Mama Pacha akamweleza habari za dada yake mkubwa, ambaye alitolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, akarudi nyumbani siku ileile, na leo anatunga uzi kwenye sindano bila miwani na kuona kasoro za majirani toka mbali. Mzee Bili alishangaa kweli. Miaka yote alijua shemeji yake huyo alikwenda kung'olewa meno. Wanawake wakianza habari za maradhi, yeye hutoka nje.

"Kwa hiyo mtoto wa jicho anatolewa?"

"Anatolewa."

"Na unaona tena?"

Fundi akadakia kutoka ndani kwamba hata mama yake mzazi alitolewa, na sasa anamkosoa mishono. Mzee Bili akashusha pumzi ndefu, akaliegemea lile sanamu kama rafiki wa siku nyingi.

Jioni Mama Pacha alimpigia simu binti yake, akamwambia nyumba haipangishwi, na badala ya kumtayarishia baba chumba amtafutie siku ya daktari wa macho. Usiku huo alilala fofofo.

Jumapili waliutembea mji upya. Safari hii Mama Pacha ndiye aliyekuwa macho ya mumewe, akieleza kila dirisha na kila nakshi, na palipokosa nakshi akaiongeza yeye, bure. Upande mmoja kwa kwenda, wa pili kwa kurudi.

Wakati wa kuondoka walimkabidhi mwenye gesti ufunguo wake, mwenye gesti wa kweli. Mama Pacha alipogeuka, akamwona mumewe amesimama tena mbele ya sanamu, kofia mkononi, analishukuru kwa ukarimu na kuliomba liwasalimie watoto nyumbani. Akamkimbilia. Kisha akaona pembe ya mdomo wa mzee inatetemeka kwa kicheko. Akamchapa kofi la bega, akamshika mkono, wakashuka kuelekea stendi kwa upande wa kushoto peke yake, maana basi halina muda wa kungoja mtu amalize wa kulia.