Mbwa Asiyeitika

Mbwa mdogo alikuwa na siku tatu tu nyumbani, na tayari alikuwa ametafuna futi ya kupimia, ameiba chaki na kukojolea gauni la mteja. Fundi cherehani alipandwa na mori.

"Leo utapata jina, utake usitake! Mwizi! We Mwizi!"

Mbwa akaendelea kung'ata kiatu.

"Balaa! Kiherehere!" mumewe akajaribu. Hata sikio halikutikisika.

Enzi za mama mkwe hawakuhangaika hivi. Mama yule alikuwa akijifungia chumbani kwake, akitaja majina kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, mpaka mnyama mwenyewe aje kukwaruza mlango. Hapo ndipo alipotoka kuwatangazia jina. Tangu wamzike, chumba hakijafunguliwa.

Ghafla mbwa akaacha kiatu. Masikio yakamsimama. Akakimbia hadi nyuma, mkia ukimcheza, akaanza kukwaruza mlango ule.

Fundi akanyoosha mkono achukue ufunguo ukutani. Mumewe akamshika.

"Acha, mke wangu," akanong'ona. "Mama hutoka mwenyewe."