Jibu la Sauti ya Nne

Fundi makochi ambaye mtaa mzima ulimwita Besi alikuwa mwanakwaya tangu ujana wake. Ungeweza kumwamsha usingizini ukamwambia aanze kuimba, naye angeanza kabla hajafumbua macho. Lakini alichokijua vizuri ni kipande chake tu. Katika kwaya yao kila sauti ilijifunza peke yake. Sauti ya kwanza ilibaki ndani ya kanisa, ya pili na ya tatu ziligawana vyumba vya nyuma, na wazee wa sauti ya nne, Besi akiwa mmoja wao, walipelekwa nje, karibu na tangi la maji, ambako mngurumo wao haukumkera mtu. Walifundishwa kwa masikio, bila karatasi. Walipokuja kuunganishwa, Besi alikuwa na kazi moja: kuhesabu mapigo kwa kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu, asije akaingia mapema na mwalimu wa kwaya akamkata jicho. Wenzake walipoimba, yeye alihesabu.

Kati ya nyimbo zote, mmoja ndio uliokuwa wake. Humo sauti ya nne ilipewa maneno machache kabisa, "Ni yeye, ni yeye," yakishuka na kupanda kama mtu anayecheza. Alivuma hivyo kutwa nzima karakanani, misumari midogo ameibana kwa midomo, mikono ikivuta kitambaa juu ya sponji. Kwake huo ulikuwa wimbo wa furaha, na hakuona la kuuliza. Hata mpwa wake alipooa, Besi ndiye aliyeshikilia kwamba kwaya iuimbe mbele ya maharusi. Akina mama walitoa leso wakafuta macho. Mchungaji alimshika mkono akamwambia amechagua kwa hekima sana. Besi aliipokea sifa hiyo, akarudi kwenye kiti chake.

Mkewe aliimba sauti ya kwanza. Aliimba kanisani, na zaidi aliimba nyumbani, hasa akipiga pasi. Kisha kooni kukaota kitu, akapasuliwa. Operesheni ilikwenda vizuri, ila daktari alitoa amri: asitamke neno, hata kunong'ona asinong'one, mpaka siku atakayorudi kwake. Wala hakuwaficha. Alisema sauti itarudi, lakini huenda isiwe ile ile, na kuhusu kuimba hawezi kuahidi.

Nyumba ikapoa. Pasi ilipita juu ya mashati bila wimbo. Besi akirudi jioni alimkuta mkewe amekaa dirishani, kiganja shingoni, kama mtu anayelinda mlango wa nyumba iliyokwisha hamwa. Ukimya ulioamriwa na daktari Besi aliuelewa. Kilichomtisha ni kwamba mkewe alianza kuuzoea. Joho lake la kwaya alikuwa amelikunja na kuliweka chini kabisa ya sanduku, mahali pa nguo zisizovaliwa tena.

Dada wa mkewe alikuja kusaidia kupika, na mama huyo hakuwa na breki mdomoni. Jioni moja alimwambia Besi, "Shemeji, una sauti ya kutosha nyumba tatu. Mwimbie basi mwenzako, au unamwekea nani?"

Besi alivuta stuli, akakohoa, akaanza wimbo wake. "Ni yeye, ni yeye." Akanyamaza. Kidole cha mguu kikapiga hesabu. "Ni yeye, ni yeye." Akanyamaza tena.

"Yeye nani?" shemeji akauliza.

"Ndivyo wimbo ulivyo."

"Na hapo katikati unapokaa kimya, unangoja basi?"

"Hapo wanaimba wenzangu."

"Wanasemaje?"

Besi alifungua mdomo, ukabaki wazi. Mabega ya mkewe yakaanza kutikisika, akajishika koo akicheka bila sauti, mpaka shemeji akamfukuza Besi chumbani kwa mwiko, kwamba atamfumua dada yake mshono. Lakini alipogeuka mlangoni, Besi aliona kicheko kile kimemalizikia kwenye machozi. Akaenda nalo hilo.

Kesho yake alifunga karakana mapema, kochi la mteja likiwa bado mifupa mitupu. Alikuwa amewaza kwenda kwa mwalimu wa kwaya kuuliza maneno. Kisha akajiona mjinga: mwenye wimbo yuko nyumbani kwake. Akasogeza stuli mbele ya mkewe, magoti yakakaribiana.

"Mama, nifundishe. Usitoe sauti. Wewe chezesha midomo, mimi nitasema."

Mkewe alimtazama. Akatikisa kichwa kukataa. Besi hakuondoka, akabaki pale kama kochi lisilochukuliwa na mteja. Mwishowe midomo ikaanza kwenda, polepole. Besi alisoma neno, akalisema. Akikosea, mkewe alirudia. Akipatia, alimgonga goti. Hivyo, goti kwa goti, ubeti ukasimama:

*Nilipolala nisiweze kujigeuza, nani aliyekaa kitandani pangu?*

Besi akauliza, "Huyu anayeimba ni mgonjwa?"

Mkewe akaitikia kwa kichwa.

"Anauliza, na sisi kule nyuma ndio tunamjibu?"

Akagongwa goti. Besi akajifuta uso kwa kiganja chenye harufu ya gundi. "Na huu ndio nilioupeleka harusini?"

Safari hii mkewe alicheka mpaka akainamia mapaja. Halafu akainuka na kufanya ishara, moja moja, ili aelewe: alimnyooshea kidole, akagusa kichwa chake mwenyewe, akaweka mkono kifuani. Alidhani mumewe alikuwa amewaza mbali. Kwamba aliwachagulia wale vijana wimbo wa siku ngumu kwa makusudi, wauhifadhi mapema. Besi alisema hapana, alichagua kwa sababu ulikuwa unachezeka. Mkewe akampapasa shavu, akamsamehe papo hapo.

Wakaendelea. Ubeti wa mwisho Besi aliusema neno kwa neno, bila haraka, kisha akauunganisha:

*Maneno yaliponiishia kinywani, nani aliyenisikia?*

Mkewe hakumgonga goti. Alikuwa ametulia, macho kwake, midomo imefungwa. Anangoja. Besi alitambua kwamba ameulizwa. Miaka yote alikuwa akitoa jibu hili kwa wakati wake, kwa mpigo wake, bila kusikia swali hata mara moja. Akalitoa sasa bila kuhesabu, kwa sauti ya chini, na mkewe akaweka kiganja kifuani pake pale linapongurumia. "Ni yeye," alisema Besi. "Ni yeye." Na alikuwa anasema kweli, maana alijikuta anamwamini huyo anayemtaja.

Siku ya daktari ilifika. Koo limepona, daktari akasema, jaribu kusema. Mkewe akasema, "Baba," na wote wawili wakashtuka. Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu mwingine. Njia nzima ya kurudi hakuongeza neno.

Nyumbani aliwasha pasi, akavuta shati. Besi alikaa kwenye stuli. Akavuta pumzi na kuuanza ubeti mwenyewe, huko juu kwa sauti ya kwanza, ambako hakuwa na shughuli yoyote. Jikoni shemeji akasema Mungu amsaidie jogoo huyo. Besi hakujali. Akapanda hadi mwisho wa swali, akanyamaza, kidole cha mguu kikaanza kuhesabu chenyewe kwa mazoea.

"Ni yeye, ni yeye."

Ilitoka kwenye meza ya pasi, chini kabisa, mahali pale pale pa tangi la maji. Shemeji akatokea mlangoni na mwiko wake.

"Umeingia mapema," Besi akasema.

Mkewe aligeuza shati upande wa pili. "Sikuhesabu," akasema. "Nilikuwa nasikiliza. Hebu shusha kidogo, utapasuka. Endelea na wa pili."