Nipe Kagongwa

Vumbi la barabara ya Geita halijui kupiga hodi. Jekundu, jepesi, lenye kiherehere cha mgeni aliyenusa kitoweo. Huingia dirishani, huketi kikombeni, hulala kitandani kabla ya mwenye kitanda.

Paskazia alilionea wivu. Vumbi lililala Kagongwa kila siku. Yeye, hata siku moja.

Kule ndiko alikoolewa binti yake, Vumilia. Kule ndiko alikozaliwa mjukuu. Lakini mila aliyokuzwa nayo haina mlango wa nyuma: mama halali kwa mkwewe. Alifika, akapakata, akarudi. Alifika, akapakata, akarudi, na harufu ya kichanga kifuani, ndani ya basi la jioni.

Basi mumewe, Pantaleo, akastaafu mgodini. Miaka yote aliendesha lori kubwa kama kanisa, shimoni chini, shimoni juu, asifike popote.

"Mama Vumilia, sasa nataka barabara inayokwenda mahali. Tununue nyumba yenye magurudumu."

Paskazia akakubali upesi hata mzee akashtuka.

Wakaenda Kalangalala kwa Enock, fundi anayegeuza magari makuukuu kuwa vyumba. Pantaleo akapiga matairi teke, akaisikiliza injini kama daktari. Paskazia akavua kandambili, akajilaza ndani ya Hiace. Miguu ikatokea mlangoni. Akapanda Kosta ya kijani. Jiko la gesi mbele, kitanda nyuma, pazia la maua.

"Hii ni gari au nyumba?"

"Ukizima injini, mama, ni nyumba kabisa."

"Nyumba yangu mimi?"

"Yako wewe."

"Wabeja, asante, mwanangu." Akakoroma palepale, kwa majaribio.

Haya, nyumba, twende!

"Serengeti kwanza," Pantaleo akatangaza, kifua kikigusa usukani.

"Kitendawili," akasema Paskazia.

"Tega."

"Nikikimbia hunifuata, nikisimama hunikalia."

"Mke!"

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua Bukoba."

"Mvua nyingi."

"Chukua Mwanza."

"Mawe matupu."

"Sasa unataka mji gani, mwanamke?"

"Nipe Kagongwa."

Akapewa. Jibu lilikuwa vumbi, nalo lilikuwa limeshamkalia mzee masharubuni. Na mji uliotolewa haurudishwi. Kosta ikakata kona.

Haya, nyumba, twende! Sufuria zikaimba, vijiko vikacheza, kabati likafunguka kila kona na kumwaga karanga. Wachimbaji kando ya njia wakapiga miluzi.

"Bibi, unahama na kitanda?"

"Na kitanda, na jiko, na babu!"

Jua lilikuwa limeinama walipoingia uani kwa Masalu, mume wa Vumilia. Masalu aliposikia mama mkwe amekuja na kitanda, akajibanza nyuma ya ghala la mpunga, kama heshima inavyotaka, akamtuma mkewe maneno.

"Mwambie mama shikamoo. Mwambie nyumba ni yake, sawa, ila ua ni wangu. Akilala humu, wazee watanila mzima."

Paskazia akalivuta pazia la maua. Ndani, kichanga kikalia. Kikalia tena.

"Turudi," akasema, kwa sauti ndogo.

Pantaleo akarudi kinyumenyume kwa hasira, kama aliye shimoni kwenye nafasi ya malori mawili. Kwaa! Kosta ikabanwa getini, haitoki, haiingii. Kuku wakatawanyika.

Kisha sauti kutoka nyuma ya ghala:

"Vumilia, kitanda kiko upande gani?"

"Nyuma. Kiko nje ya geti."

"Na jiko?"

"Mbele. Liko ndani."

Masalu akafikiri.

"Basi mwambie mama apike kwangu, alale barabarani. Barabara ni ya serikali, na serikali haina mkwe."

Vumilia akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaenda kumleta mtoto.

Usiku, lori likapita. Vumbi likainuka, likaingia dirishani bila hodi, likatua taratibu juu ya shuka, pembeni mwa bibi na mjukuu. Paskazia akalipangusa kwa ncha ya khanga, polepole, asimwamshe mtu.

"Sogea kidogo," akaliambia. "Leo tuko wengi."