Nyongeza ya Mteja

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, Jalila alikuwa ameketi mkekani ukumbini akifunga vifuko vya mabuyu. Alikunja mdomo wa kifuko cha nailoni juu ya kipande cha msumeno, akaupitisha kwenye mwali wa mshumaa, akaubonyeza kwa kidole mpaka ukashikana. Mamake, Bi Mwanarehema, alikuwa akikoroga sufuria ya pili ya sukari, iliki na rangi nyekundu, huku akinung'unika peke yake kwamba mabuyu ya safari hii hayana uchachu.

"Bi Mwanarehema!" Kadzo, mpangaji wa chumba cha mbele, aliita kutoka barazani. "Kanjo hao!"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Nyumba ile ya Bombolulu ilikuwa na ukumbi mmoja tu, vyumba huku na huku, na wageni walikuwa wameshaingia: afisa wa afya wa kike mwenye koti jeupe, na askari wawili wa kaunti.

"Shikamoo, mama. Naitwa Mueni."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mketi."

"Hatukai, mama. Cheti cha afya unacho?"

Alikuwa nacho, kimetundikwa ukutani kama picha ya arusi. Mueni alikisoma, akaitikia kwa kichwa. "Hiki sawa. Na leseni ya kutengeneza chakula?"

"Niliiendea, wallahi. Wakasema niwe na jiko mbali na pa kulala, kuta za vigae, na sinki mbili. Mwanangu, mimi nimepanga chumba. Vigae nivibandike kwenye ukuta wa mtu?"

Askari mmoja alicheka. Mueni hakucheka. "Mimi sikuiandika sheria, mama." Kisha akamgeukia Jalila. "Na wewe? Cheti chako kiko wapi? Anayeshika chakula bila cheti tunampeleka kortini."

Jalila hakuwa nacho. Alikuwa amesomea upishi chuoni, na Jumatatu alitarajiwa kuanza kazi katika hoteli moja huko Nyali. Hoteli ilitaka karatasi ya polisi ya mwenendo mwema. Kortini ni kortini, hata ukipelekwa kwa mabuyu.

"Mimi mteja," akasema.

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Bi Mwanarehema akamtazama bintiye, kisha akaufuta mkono wake kwenye leso.

"Ndiyo, mteja wangu huyu. Msimcheleweshe." Akachukua vifuko viwili, akavifunga katika gazeti, akampa kwa mkono wa kulia. "Haya, binti. Na hii nyongeza yako." Akaongeza cha tatu, kama alivyomwongezea kila mnunuzi tangu Jalila akiwa mdogo.

Vidole vilivyopokea vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kucha.

"Mteja huyu kaanza kula zamani," askari akasema.

"Shika kazi yako," Mueni akamkatiza.

Jalila akatoka barazani, uso ukimchoma. Kadzo alikuwa akichambua mchicha, hakuinua macho.

"Mteja," alisema taratibu. "Kumbe siku zote hizi mwalala chumba kimoja na hamjuani."

Jalila alitaka kulitupa lile fungu la gazeti, lakini mikono ilikataa.

Askari wakatoka na beseni la mabuyu na sufuria, sukari ikidondoka mpaka kwenye gari. Bi Mwanarehema alifuata, akipelekwa kortini kwa kukosa leseni, buibui limetupwa mabegani haraka, miguuni kandambili moja yake na moja ya Jalila. Alipompita bintiye alisema, "Kwaheri, binti," kwa upole uleule wa kuwaagia watu wa njiani.

Gari lilikuwa la juu. Alinyanyua mguu, akaushusha, akatafuta pa kushika. Jalila hakujua amefikaje pale. Alijikuta ameshamshika mamake kiwiko.

"Jumatatu, mwanangu," mamake akanong'ona. "Rudi ndani."

Majirani walikuwa wamejaa njiani. Jalila hakuwahi kupenda kutazamwa. Hata chuoni, kila jibu lake mwalimu alimwambia alirudie kwa sauti.

"Ni mamangu," alimwambia Mueni.

Mueni aliyaelekeza macho yake barabarani. "Sikusikia," akasema polepole. "Mteja aende zake."

Jalila akaliweka fungu la gazeti juu ya beseni.

"Nimesema ni mamangu," akarudia, na safari hii Kadzo alimsikia kule barazani. "Mimi si mteja. Mabuyu haya tumeyapika sote."