Siku Usukani Ulipofunguka

Lalit alikuwa akimwombea fundi ashindwe. Alisimama mlangoni mwa gereji ya nyumba yake ya Kitisuru, mikono nyuma, na moyoni alikuwa na dua moja tu: ule usukani usigeuke.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, jekundu, la milango miwili, limekaa chini kama linataka kulala. Alilinunua alipokaribia miaka sitini, umri ambao wenzake wenye maduka Mtaa wa Biashara walikuwa wakinunua miwani na fimbo. Walimcheka mpaka basi. Mkewe, Sudha, hakucheka. "Wewe na hili gari lako," alizoea kusema, "ipo siku mtaniacha nile peke yangu."

Mambo yakaenda kinyume. Sudha ndiye aliyeondoka, saratani ikamchukua, na tangu wiki ile ya msiba ufunguo ulikuwa unaingia nusu tu kwenye swichi, kisha unagoma. Ufunguo usipozunguka, kufuli la usukani haliachii, na gari lililofungwa usukani ni kabati la chuma tu.

Mtu mwingine angeita fundi siku hiyo hiyo. Lalit hakumwita mtu. Binti yake Nidhi, aliyeolewa Leicester, alikuwa akimsihi kila Jumapili kwa simu ahamie kwake, maana ataishije peke yake kwenye nyumba kubwa namna ile? Kwa kuchoka kusihiwa, Lalit akamjibu, "Siku gari litakapotoka hapa kwa injini yake, na mimi nitatoka. Naapa kwa taa inayowaka mbele ya picha ya mama yako." Alijiona mjanja sana. Mfanyabiashara mzima akasahau kwamba anapatana na mtoto aliyemzaa mwenyewe, tena mwenye ukaidi wa mama yake.

Nidhi akapanda ndege. Akaitafutia nyumba mnunuzi, akalitafutia na gari, kisha akauliza majirani fundi gani hodari, akaletewa Jamleck wa Kangemi, mtu wa makamo mwenye mdomo usiopumzika.

"Mzee, hii gari ni moto!" Jamleck alisema, amelala chali chini ya dashibodi. "Lakini lock ya steering imeshika vibaya sana."

"Itawezekana leo, fundi?" Nidhi akauliza. "Mwenye kulichukua anakuja jioni."

"Usijali, madam. Ikikataa kabisa naleta grinda, nakata hiyo lock yote. Itatoka tu."

"Hakuna kukata!" Lalit akadakia.

"Basi kuja unisaidie, mzee. Shika steering, vuta huku na huku, mimi nisukume funguo."

Lalit akaketi, akaushika usukani. Akavuta kwa ncha za vidole, uongo mtupu, huku akiguna kama anayebeba gunia.

"Mzee, vuta kama mtu amekula!"

Akaguna zaidi. Jamleck akamtazama kidogo, akatikisa kichwa, kisha akawasha tochi na kuchungulia tundu la ufunguo.

"Kumbe! Kuna kitu imekaukia hapa ndani."

Akadondosha mafuta, akangoja, akaingiza kijiwaya na kuanza kuchokoa pole pole. Yakatoka mabonge madogo mekundu, makavu kama udongo wa ukutani. Halafu zikatoka punje. Akazimwaga kiganjani, akacheka.

"Mchele! Mzee, nani alikuwa anapika pilau ndani ya gari?"

Hakuna aliyecheka naye. Lalit aliziangalia punje zile, akazitambua.

Ilikuwa sikukuu ya Dashera, siku ambayo nyumba za Wahindu hubariki magari na vyombo vya kazi. Sudha alishuka na sahani yake, mwembamba, kitambaa kichwani, nywele zilikuwa zimekwisha. Alikuwa amechanganya unga mwekundu, mtindi na mchele. Akautia usukani alama, kisha kidole kikashuka mpaka kwenye tundu la ufunguo, akabandika na hapo. Lalit alikuwa ametoka kuipaka dashibodi dawa ya kung'arisha asubuhi ile. "Sudha! Utaniharibia gari na huo uji wako!" alimkaripia. Sudha akafuta kidole kwenye sari, akarudi ndani. Naye Lalit kwa hasira akachukua kitambaa akasugua, na kwa kusugua kule akausindilia mchele ndani ya tundu. Siku chache baadaye Sudha akapelekwa hospitali, na nyumbani hakurudi.

Hiyo ndiyo baraka aliyoikaripia. Na ndiyo iliyomshikilia nyumbani mwake muda wote huu. Aibu ilimpanda mpaka machozi yakamlenga.

"Nitupe?" Jamleck aliuliza, mkono tayari kwenye ovaroli.

"Lete hapa!" Lalit alifoka hata Jamleck akashtuka. Akazipokea, akafumba mkono.

Jamleck akasukuma ufunguo. Ukaingia wote, ukazunguka. Kitu kikalia *tak* ndani ya nguzo ya usukani, na usukani ukageuka laini chini ya mkono mmoja. Nidhi akapiga makofi.

"Fundi," Lalit akamnong'oneza, "nikirudisha hizi?"

"Itafunga tena, mzee." Jamleck hakuwa na mzaha sasa.

Lalit akalitazama tundu. Akamtazama na binti yake.

"Papa, uliapa," Nidhi akasema kwa upole.

"Niliapa."

Jioni gari jekundu likatoka getini kwa injini yake, likashika njia ya kuteremka Westlands. Lalit alisimama mpaka sauti yake ikapotea.

Kesho yake teksi ya uwanja wa ndege ikaja. Mlangoni Lalit akasimama, akaipa nyumba mgongo. Akanyanyua mkono na kuzirusha punje juu ya kichwa chake ziangukie nyuma, wala asigeuke, vile bibi harusi wa Kihindu anavyofanya anapotoka kwa babake, kuiachia nyumba baraka. Nidhi mwenyewe alirusha mchele mlangoni hapo hapo, siku alipoolewa, na Sudha alikuwa nyuma yake ameshika upindo wa sari kuupokea.

"Papa," Nidhi akauliza, "mchele umeutoa wapi? Jikoni si tumeshafunga kila kitu?"

"Ni wa mama yako," Lalit akasema, akaingia kwenye teksi.